Mpiga Pasi Aliyelala Kichwa Chini Siku Mia

Watu wakisikia nilikuwa nesi kwenye taasisi ya mambo ya anga hapa Moscow, wote huniuliza swali moja: eti niliwahi kuwashika mkono wale mashujaa waliozunguka dunia? Niliwashika, ndiyo. Niliwafunga kipimo cha presha, niliwatoa damu, na wengine niliwashikia beseni wakitapika. Mikono yao ina jasho kama ya kila mtu. Lakini ninayemkumbuka mimi hakuwahi kupanda hata ndege ya kwenda likizo. Alikuwa mpiga pasi. Jina lake Kapitolina Savelyevna Dolgikh, na nikiwaambia vijana wa siku hizi habari zake wanadhani napiga chuku.

Hebu kwanza niwaeleze kazi yetu, maana msipoielewa mtacheka pasipostahili.

Damu ina uzito. Ukisimama inashuka miguuni, na moyo na mishipa vinahangaika kuirudisha juu mchana kutwa, wala wewe huna habari. Huko angani hakuna kinachoivuta chini. Inapanda kifuani na usoni, mtu anavimba uso, anaziba pua. Moyo unajaa, unadhani mwili umezidi maji, unaamuru yatolewe, na shujaa wetu anakojoa siku mbili mfululizo kwa ajili ya taifa. Baada ya hapo damu imepungua, moyo hauna kazi ya kuusumbua, unanywea. Mishipa ya miguu nayo inasahau kujibana. Siku anarudi duniani, bendi inapiga, yeye anasimama kupokea maua, damu yote inakimbilia kwenye soksi, kichwa kinabaki kitupu, na shujaa anaanguka juu ya maua.

Hilo liliwakera sana wakubwa. Anguko la shujaa halipendezi kwenye picha.

Basi Profesa Innokenti Valeryanovich, bosi wetu, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Lakini kumpeleka mtu angani ili umchunguze ni gharama, wakati kumlaza kitandani hapa hapa Moscow ni bei ya shuka. Unaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo, kichwa kinakuwa chini kidogo, na baada ya siku chache damu yake inaamini kabisa iko angani. Damu haina akili nyingi. Miaka mingi tuliwalaza wanaume. Mwaka ule wakubwa wakakumbuka kwamba wanawake nao wana moyo, wakaagiza walazwe watatu, siku mia moja.

Masharti yalikuwa haya: usikae, usisimame, usiinue kichwa. Unakula umelalia ubavu, unaoga umelala, haja zote umelala. Atakayeshusha mguu sakafuni, kwa sababu yoyote ile, anarudishwa kwao siku hiyo hiyo na karatasi ya shukrani. Atakayemaliza anapewa fleti ya vyumba viwili, jiko lake, choo chake. Na barua ya kuomba fleti inaandikwa na profesa kwa mkono wake, ikitaja nani na nani wanahamia.

Fleti! Mwaka ule, Moscow! Watu walikuwa wanazeeka wakiingoja. Kapitolina alikuwa kwenye orodha ya kiwanda chao cha dobi kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa anaishi chumba kimoja, kwenye fleti ya jiko moja na familia tano, yeye na mume wake Tikhon, binti yao Lida wa miaka kumi na sita, na mama mkwe, Pelageya Fominishna, aliyelala nyuma ya kabati na kusikia kila kitu. Kila kitu, jamani. Akisikia kitanda kimelia usiku, asubuhi anatoa maoni.

Siku ya usaili profesa aliwauliza wanawake kwa nini wanataka kushiriki. Rimma, mwalimu wa michezo, mbavu ngumu kama ubao, akasema anataka kuitumikia sayansi. Nonna, karani wa posta, akasema nchi ikiita mtu anaitika. Kapitolina akaambiwa na yeye aseme.

"Nataka kulala," akasema.

"Samahani?"

"Kulala. Nimepiga pasi miaka ishirini na miwili, nimesimama. Nikitoka kazini napanga foleni ya nyama, nimesimama. Nikifika nyumbani napika, nimesimama. Nyinyi mnatoa fleti kwa mtu kulala? Mmeshachanganyikiwa, lakini mimi nipo."

Profesa aliandika kwenye daftari: *ari ya hali ya juu*. Nilikuwa nyuma yake nikamwona akiandika.

Ukitaka kujua ukweli, hakuna aliyemtegemea. Profesa alimpenda Rimma: moyo wake unapiga mara hamsini kwa dakika, miguu ya mkimbiaji. Kapitolina alikuwa na miaka arobaini na moja, mfupi, mpana, viganja vyekundu kwa mvuke. "Huyu atatuangusha," profesa aliniambia. "Lakini tunahitaji na mwanamke wa kawaida." Alilisema hilo neno kawaida kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

Siku mbili za kwanza walikojoa wote watatu mpaka mikono yangu ikauma kwa kubeba mabeseni. Siku ya tatu nyuso zao zilikuwa kama unga uliokandwa. Rimma alilia akitaka kioo, nilipompa akalia zaidi. Kapitolina hakutaka kioo. Alilala tu. Alilala saa kumi na nne, akaamka akala uji mzito wa nafaka kwa ubavu, akalala tena.

"Kapitolina Savelyevna, uko hai?" nikamuuliza.

"Usinisumbue, Glafira Nikitichna. Nipo kazini."

Kila asubuhi saa mbili profesa alipita na daftari lake na kuuliza swali moja kwa kila mmoja: "Moyo wako unaendeleaje leo?" Ni swali la kazi tu. Anataka kujua kama unadunda vibaya, kama unaruka. Wiki ya pili akamuuliza Kapitolina, na Kapitolina akaanza kulia, machozi yakimtiririkia masikioni kwa sababu ya ule mlalo.

"Unauma? Wapi?" profesa akashtuka.

"Hauumi. Ila nimeolewa miaka kumi na tisa, sijawahi kuulizwa."

Profesa akaandika *machozi, chanzo hakijulikani*. Msomi mkubwa, vyeti ukuta mzima, chanzo hakijulikani.

Wageni walikuwa wanaruhusiwa Jumapili, nusu saa, kwenye kizingiti cha mlango, wamefunga kitambaa mdomoni. Mume wa Rimma alileta vitabu. Mchumba wa Nonna alileta gitaa tukamfukuza. Tikhon alileta maswali. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Hakunywa kupita wengine, hakupiga mtu. Alikuwa amekaa tu kwenye maisha ya mke wake kama abiria.

"Kapa, kabichi unaikata kwanza au unaiosha kwanza?"

"Osha kwanza, Tikhon."

"Mama anasema kata kwanza."

"Basi mfuate mama."

"Shati langu la bluu limeungua na pasi."

"Nani kapiga?"

"Mimi. Kwani utarudi lini hasa?"

"Siku ya mia moja."

"Hata kwa siku moja hawakuachii? Jumamosi tu, ukafua, halafu ukarudi kulala?"

Na nyuma yake Pelageya Fominishna, kitambaa cha kichwa kimekazwa chini ya kidevu, akinyoosha shingo amwone mkwe wake vizuri.

"Haya, mtazame," akasema. "Mwanamke mzima, mchana kweupe, miguu juu kichwa chini. Mimi nimezaa asubuhi, mchana nikaenda kuvuna viazi. Majirani wananiuliza Kapitolina yuko wapi, ningewaambia nini? Nimewaambia una kifua kikuu."

"Asante, mama."

"Angalau kifua kikuu kina heshima."

Kapitolina akageuzia uso ukutani, na nilipompima presha baada ya wao kuondoka ilikuwa imepanda kuliko siku zote. Nikaiandika, nikaongeza pembeni: *baada ya wageni*. Baada ya Jumapili nne profesa akaona mchoro unapanda kila Jumapili, akafurahi sana, akadhani amegundua kitu kuhusu mwezi.

Ilipofika kama siku ya sitini, asubuhi moja Kapitolina aliniita.

"Glafira Nikitichna, ni kweli mtu akilala hivi damu nyingi inakwenda kichwani?"

"Kweli. Ndiyo kazi yetu."

"Basi ndiyo maana. Nimeanza kufikiri."

"Unafikiri nini?"

"Fleti ina vyumba viwili. Nimepanga: Lida chumba kimoja, mimi na Tikhon kingine. Halafu nageuza hesabu huku na huku, mama mkwe simwoni pa kukaa. Nampeleka sebuleni, sebule haipo. Namweka jikoni, jikoni ndiyo kabisa. Nikimweka kwa Lida, mtoto atakufa kabla ya mitihani. Mwisho najikuta nimesimama mimi jikoni na wao watatu wamelala vyumbani."

"Majina manne si yalishaandikwa kwenye fomu?"

"Manne. Niliandika mwenyewe. Nilikuwa nimesimama wakati ule," akasema, akafunga macho.

Nikamnyooshea shuka. Mimi mwenyewe nilikuwa na mama mkwe.

Sasa sikilizeni siku ya tisini na tatu.

Ilikuwa Februari, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa chumbani kwao nimemfunga Nonna kipimo cha presha, simu ya korido ikalia. Nikaenda kupokea. Ni Klava wa kantini, mwisho wa korido yetu hiyo hiyo. Hakusema habari za asubuhi. Alisema, akinifupishia jina: "Glasha! Wanatoa buti za Kifini! Zenye manyoya ndani! Lori limeleta jozi arobaini!" Akakata.

Msinihukumu. Nyinyi hamkuishi wakati ule. Buti za Kifini hazikuwa zinauzwa, zilikuwa zinatokea, mahali popote, saa yoyote, na asiyekuwepo alikuwa anatembea na buti za kiwanda cha kwetu, zinazopasuka ifikapo mwezi wa pili. Mtu akisikia neno *wanatoa*, miguu inaondoka kwanza, kichwa kinauliza baadaye wanatoa nini. Nilipiga kelele korido nzima: "Jamaniii! Buti za Kifini kantini!" Milango ikafunguka yote. Wakatoka madaktari, wakatoka wa maabara na chupa za mkojo mkononi, akatoka mfagiaji, akatoka na Innokenti Valeryanovich mwenyewe, mwanachama wa akademia ya sayansi, koti jeupe likipepea. Katika dakika moja hakukuwa na mtu hata mmoja mahali pake. Nilisahau kabisa kwamba mlango wa wale wanawake watatu nimeuacha wazi.

Yaliyotokea chumbani nilisimuliwa na Nonna baadaye. Walisikia neno hilo wote watatu kwa pamoja, na hakuna aliyeamua chochote. Rimma aliruka kitandani kama yuko mashindanoni. Alipiga hatua nne, na ule moyo wa mwanariadha, wa kupigiwa mfano, haukuwa na damu ya kutosha kufika hata mlangoni. Alianguka kifudifudi. Nonna alikaa tu ukingoni, akaona giza, akaanguka chali kitandani kwake, kwa hiyo tuseme alitii masharti bila kutaka.

Kapitolina naye alijikuta miguu iko sakafuni. Aliniambia: "Nilipohisi ubaridi wa sakafu ndipo akili ikanirudia. Nikajua fleti imekwenda. Siku tisini na tatu, zimekwenda. Nilitaka kupiga yowe. Halafu nikasema, kama nyumba nimeshaipoteza, basi angalau mtoto apate buti." Lida alikuwa anakwenda shule na buti za mama yake wa zamani, kazijaza magazeti vidoleni.

Kwa hiyo akatoka. Gauni la hospitali, miguu mitupu, mkono ukutani.

Na hapa ndipo wasomi wote walipoumbuliwa. Mtu aliyelala siku tisini na tatu kichwa chini hatakiwi kutembea korido ya mita hamsini. Vitabu vinasema hivyo, na Rimma alikuwa chini akithibitisha. Lakini Kapitolina alikuwa amesimama kwenye foleni maisha yake yote, na mtu wa foleni hasimami kama mlingoti. Anapepesuka kutoka kisigino mpaka vidole, anabadilisha mguu, anakunja magoti hivi na kuyabana mapaja, anakanyagakanyaga kama yuko kwenye theluji. Kila anapokaza misuli ya miguu, ile damu iliyoshuka inasukumwa juu. Hakujua kama anafanya sayansi. Giza likimjia anasimama, anabana miguu, anakanyaga, giza linaondoka, anasogea hatua tatu nyingine.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango wa kantini. Mimi nilikuwa wa tisa kutoka mbele, sikumwona akija mpaka niliposikia sauti yake, nikachungulia koridoni. Wa mwisho alikuwa Innokenti Valeryanovich, maana alichelewa akifunga karatasi zake za siri kwenye sefu. Sefu alifunga, wagonjwa aliacha wazi.

Kapitolina akafika, akauliza kama tulivyokuwa tunauliza wote kwenye foleni:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi," profesa akajibu bila kugeuka.

"Basi mimi nipo nyuma yako."

Ilimchukua muda. Niliona mabega yake kwanza yakipanda, halafu akageuka polepole, na uso wake ukawa mweupe kuliko koti.

"Kapitolina Savelyevna! Lala! Lala chini mara moja!"

"Nitalala. Saizi thelathini na saba zimebaki?"

"Unakufa, mwanamke!"

"Sijafa. Thelathini na saba, Klava, zimebaki?"

Kutoka mbele Klava akajibu, yeye hajali anayeuliza ni nani: "Thelathini na saba jozi moja tu!"

Profesa kwa mazoea alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono. Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Mia arobaini na nane," akasema. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akajikaza. "Umevunja masharti. Inasikitisha sana, lakini nitalazimika kuandika. Sayansi ni sayansi. Siku ya tisini na tatu, saa nne na dakika kumi, mshiriki ameshuka kitandani."

Nikamwona Kapitolina akipepesuka kwenye visigino, mbele nyuma, mbele nyuma, jasho linamchuruzika. Nilidhani anakaribia kuanguka. Alikuwa anafikiri.

"Andika, Innokenti Valeryanovich," akasema. "Andika na wewe saa nne na dakika kumi ulikuwa wapi."

"Mimi?"

"Wewe. Na huyu dada, na huyu daktari, na yule mwenye chupa ya mkojo. Andika wote. Rimma yuko sakafuni kule ndani, sijui kama anapumua. Andika ni nani aliyekuwa anamwangalia."

Hapo nikatoka kwenye foleni nikakimbia. Nilimwachia Klava neno anishikie nafasi, sitadanganya, lakini nilikimbia. Rimma alikuwa anapumua, ana nundu kama yai kwenye paji la uso, ananitukana. Nikamrudisha kitandani, nikamwangalia Nonna, nikarudi mbio. Wale wawili walikuwa bado wanatazamana.

"Unataka nini?" profesa alikuwa anauliza kwa sauti ya chini.

"Fleti yangu."

"Sawa. Hakuna aliyeona kitu. Rudi ukalale."

"Bado. Ile barua hujaituma?"

"Naituma kesho."

"Ina majina manne. Yaandike mawili. Mimi na Lida."

"Na mume wako je?"

"Ana pa kulala. Ana na mama."

Profesa alitazama watu. Watu wote wakatazama dari. Haki ya Mungu, sijawahi kuona dari ikitazamwa vile.

"Mawili," profesa akasema.

"Na hizo buti."

"Kapitolina Savelyevna! Mke wangu anavaa thelathini na saba!"

"Mke wako ana buti. Nilimwona Mwaka Mpya, alikuja na buti za Kiitalia. Mapigo yangu mangapi sasa?"

Akahesabu. "Mia sitini na mbili," akasema kwa hofu. "Jamani, mpeni buti! Mpeni upesi!"

Zikapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa. Kapitolina akazipokea, akafungua moja, akaingiza mkono ndani kuhakikisha manyoya yamefika mpaka vidoleni, maana kuna wakati yanaishia kwenye kisigino. Yalikuwa yamefika. Akazikumbatia kifuani, na alipoacha tu kukanyagakanyaga, macho yakageuka, akaanguka mikononi mwa mwanachama wa akademia. Tulimbeba sita. Buti hatukuweza kumtoa mikononi.

Daftari la siku ile ninalikumbuka mpaka leo kwa sababu niliandika mwenyewe, profesa akinisomea. *Siku ya 93. Washiriki wote wametulia kitandani. Rimma: nundu ndogo kwenye paji la uso, ameumwa na mdudu.* Februari, Moscow, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, ameumwa na mdudu. Tume ilikuja wiki iliyofuata, wazee watano wenye nishani, wakasoma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakapiga sahihi.

Siku ya mia moja waliwekwa mmoja mmoja kwenye ubao wetu wa kusimamishia watu, wamefungwa mikanda wasitikise mguu. Rimma alizimia dakika ya nne, Nonna ya tano, Kapitolina ya kumi na mbili. Profesa aliandika makala ndefu juu ya faida ya joto la dobi kwa mishipa ya damu, akaomba bajeti ya kulaza wapiga pasi sita. Akapata na tuzo. Mimi nilipata buti, thelathini na tisa, za kahawia. Nilizivaa misimu kumi na moja, kwa hiyo sina uso wa kumsema mtu.

Waliruhusiwa kutoka baada ya wiki mbili za kujifunza kusimama upya. Tikhon alikuja kumchukua na gari la kukodi, limebeba godoro, kabati limefungwa kwa kamba juu, lile lile la mama. Pelageya Fominishna alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, na sufuria mapajani. Akashuka, akaingia pale mapokezi, akaanza kabla ya salamu.

"Mimi nitachukua kile chumba chenye dirisha la jua. Kile kingine mtajibana."

Kapitolina alikuwa kwenye kiti, koti limefungwa mpaka juu, Lida amesimama kando yake. Akamwonyesha Tikhon bahasha kwenye kaunta yangu. Tikhon akaitoa karatasi ya fleti, akaisoma kwa sauti, taratibu, kila neno, kwa furaha: mtaa, nambari ya jengo, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Kisha sauti ikapungua. Akarudia mstari wa chini. Akageuza karatasi aone kama nyuma kuna maandishi.

"Kapa," akasema. "Wamekosea hapa. Wameandika watu wawili."

"Hawajakosea."

"Wewe na Lida."

"Ndiyo."

Alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kutoa watu fleti. Nikafunga daftari, nikalifungua tena. Kwa kweli nilimwonea huruma, alikuwa amevaa lile shati la bluu lenye alama ya pasi.

"Na mimi?" Pelageya Fominishna akauliza, sufuria bado mkononi. "Mimi nitalala wapi?"

"Pangu, mama," Kapitolina akasema. "Kule chumba cha zamani, karibu na dirisha. Siku mia hizi pamekuwa wazi, na hakuna aliyekufa."

Halafu akainuka kitini polepole kama tulivyomfundisha, akangoja damu impande kichwani, akamshika Lida mkono, wakatoka.